Nilisema Hakufika

Mwanangu Salma,

Nilikuwa ndani. Neno hili sijamwambia mtu yeyote, shoga yangu wala ndugu yangu, na hata katika dua zangu nimekuwa nikilipitia mbali, kama mtu anayezunguka nyuma ya nyumba asionekane na waliokaa barazani. Faki alipokuwa akija kwetu kuuliza habari za tanuri letu la mkate, akapiga hodi asijibiwe, mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la unga, nimejiziba mdomo kwa mtandio asinisikie ninavyopumua.

Anayeandika ni mdogo wako Zuwena. Mkono wangu mimi umezoea kukanda, kalamu haikai. Nasema "ntu", yeye anaandika "mtu". Maneno ya kwetu anayavalisha sare ya skuli. Basi ukiona barua imenyooka kuliko mama yako, ujue ni yeye. Hili la kwanza alipolisikia ameinua kichwa akanitazama, nami nimemwambia aandike kama lilivyotoka, asilipake mafuta.

Wewe umekwenda Wete kumuaga shangazi yako. Alasiri imeshaadhiniwa. Kesho utapanda boti pale Mkoani uende Unguja kufundishwa kazi ya udadisi, uwe miongoni mwa wale wanaopita kwenye maduka na karakana kila robo mwaka kuuliza biashara inakwendaje. Habari za kula na kuvaa sitazigusa, hayo umeshalelewa. Nina jambo moja, na sina muda mwingi wa kulisema, kwa sababu ukirudi na kuniangalia usoni nitashindwa.

Unakumbuka juzi jikoni? Ulikuja na habari kwamba jina lako limetoka. Mimi nikasema alhamdulillahi. Halafu, huku unamenya muhogo, ukasema, "Faki naye aliomba, Mama. Wamemkata. Wanamjua, ni yule aliyekuwa akiandika kafika kwa watu na wala hakufika."

Zuwena akauliza, "Alifanya hivyo kweli?"

Ukamjibu, "Watu wenyewe waliulizwa. Hata Mama aliulizwa. Si ndiyo, Mama?"

Nikakwambia maganda yako manene, unatupa chakula.

Ulicheka, ukaendelea na muhogo. Mimi tangu hapo sijalala sawasawa. Siwezi kukuacha uende kwenye kazi ile umebeba uongo wangu kichwani, ukidhani ndio somo lako la kwanza la kazi.

Nianzie kwa baba yako, Mungu amrehemu. Yeye aliwapenda wale wadadisi. Sijui kwa nini tanuri letu lilichaguliwa katika Gando nzima. Walisema ni bahati ya jina kutoka, na kwamba likishatoka watakuja miaka na miaka kwa watu wale wale, ili waone mambo yanavyobadilika. Baba yako alifurahi kama aliyeposewa binti. Siku wakija alikuwa anawatolea mkate wa boflo wa moto na chai ya tangawizi, anakaa kitako na kujibu. Unga umetumia kiasi gani? Kuni je? Mna wafanyakazi wangapi? Mkate umeuza kwa bei gani? Anajibu yote, na mwisho anauliza yeye: "Na huko kwengine, wenzetu wanasemaje?" Mdadisi anasema, "Mzee, hilo mimi siruhusiwi kukwambia." Baba yako anacheka, anasema, "Basi mkishajua, mje mtwambie."

Hawakuja kutwambia. Simlaumu mtu, ila nataka ulijue hilo. Walikuja kila robo mwaka wakachukua, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyerudi na kusema, haya mliyotueleza nyote, tumeyaweka pamoja, yamekuwa hivi. Mtu ukimpelekea sahani ya futari hairudi tupu, hata kama ni tende tatu. Sahani yetu ilikuwa inarudi tupu kila mara. Watu wakaanza kuchoka. Fundi Haji wa cherehani, naye jina lake lilitoka, alikuwa akimwona mdadisi anakuja, anaikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka hasikii salamu. Mdadisi anasimama pale na kishikwambi chake cha kuandikia majibu, anapiga kelele, "Fundi, nina maswali machache," na Haji anajibu, "Sikusikii baba, mashine hii imekuwa na kelele sana, njoo nikishaitengeneza." Barazani watu hawana mbavu. Baba yako hakucheka. Alisema, "Anayekataa kwa mzaha amekataa mara mbili."

Ukaingia uvumi kwamba maswali yale yanakwenda kwa watu wa kodi. Baba yako hakuuamini, na mimi pia, nisikudanganye, sikuuamini. Wengi walioutaja hawakuuamini. Lakini ulikuwa uvumi mzuri wa kushika mkononi, kwa sababu ukisema "naogopa kodi" hakuna anayekuuliza zaidi.

Sababu yangu haikuwa kodi, Salma. Baba yako alipofariki, nilikaa eda. Mdadisi aliyekuja robo ile alikuwa Faki, wakati huo ndiyo kwanza kaanza kazi. Wanawake waliokuwa wakinisaidia walimwambia mwenyewe yuko edani, akarudi kwa adabu, na hilo lilikuwa sawa kabisa. Tanuri lilikuwa linawaka kidogo kidogo nyuma ya pazia, nao ndio waliokuwa wakiuza.

Eda ikaisha, nikatoka. Mwezi uliofuata Faki akaja, nikamkaribisha, nikajibu. Nilijibu vizuri mpaka tukafika kwenye lile swali. Utalisoma huko uendako, utaliuliza mpaka ulitapike. Ukilinganisha na robo iliyopita, je, mauzo yameongezeka, yamepungua, au yako pale pale?

Nikasema yamepungua.

Akaendelea. Wafanyakazi je? Wamepungua. Unga? Umepungua. Siku za kuwasha tanuri? Zimepungua. Faki hakuwa na ubaya wowote, alikuwa akiuliza kwa sauti ya chini, kichwa kainamisha. Lakini mimi kila nikisema "imepungua" nilikuwa nasikia jina la baba yako. Kama mtu ananiuliza, je, bado amekufa? Nami najibu, ndiyo, bado. Je, robo hii? Bado.

Robo iliyofuata nilipoisikia sauti yake njiani nikaingia ndani.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize, kwa sababu wewe unajua mila hii lakini hujawahi kuwa upande wa nje wa mlango kwa kazi. Sisi tunapiga hodi tatu. Ya kwanza wasikie, ya pili wajitengeneze, ya tatu wakikaa kimya unaondoka, na huna haki ya kukasirika. Na ukikutana nao kesho yake sokoni humwambii mtu, "Jana nilikuja kwako ukaninyamazia." Unaamkiana naye kama kawaida. Ile safari yako haikuwapo. Hukufika. Hivyo ndivyo tunavyositiriana, na mimi naipenda mila hii, imeniokoa siku nyingi ambazo sikuwa na uso wa kumwonyesha mtu. Kwetu mtu hawi na haja ya kusema hapana. Anakaa kimya baada ya hodi ya tatu, na wote wawili wanabaki na heshima zao.

Faki ni mtoto wa Gando. Alipiga hodi tatu, akaondoka. Robo iliyofuata tena, tatu, akaondoka. Baada ya hapo tena. Alikuwa anakuja asubuhi, na siku ya pili anakuja jioni, labda akidhani ananikosa. Mimi niko juu ya gunia. Nilikuwa najua viatu vyake vinavyolia kwenye kokoto. Siku moja baada ya hodi ya tatu hakuondoka mara moja. Alisimama. Nikamsikia anasema polepole, si kwa kuniita, "Bi Mize, hata ukisema hutaki, nitaandika hutaki. Si lazima." Kisha akaenda zake.

Mlango alinifungulia yeye, Salma. Alinipa njia ya kusema sitaki. Sikuichukua.

Ndipo akaja bibi mmoja wa ofisini kwao. Hakuwa wa huku, alikuwa na Kiswahili cha bara na haraka ya mjini, na alikuja na sheha wetu, Mzee Kombo. Kazi yake ilikuwa kupita nyuma ya wadadisi na kuhakikisha. Nilimkaribisha kwa sababu yuko na sheha, na sheha ndiye serikali yetu ya hapa. Hakukaa. Akaangalia kishikwambi chake, akauliza, "Mama, robo hii kijana wetu alifika kwako?"

Nikasema, "Hakufika."

Nataka uelewe kwamba ulimi wangu haukusita. Mila ndiyo iliyojibu. Mtu aliyepiga hodi asiitikiwe hakufika, ndivyo tunavyosema, na tunasema kwa ajili yake na kwa ajili yetu. Lakini yule bibi hakuuliza kwa mila yetu. Aliuliza kwa mila ya ofisi, na neno lile lile likawa jengine. Nikamwona anaandika. Akauliza, "Una hakika? Hakufika kabisa?" Hapo, mwanangu, hapo nilielewa. Nilielewa kwamba maneno yamepishana. Ningeweza kusema, "Alifika mlangoni, mimi sikumwitika." Ni sentensi fupi. Mzee Kombo amesimama pale, wanawake wawili wanasubiri mkate, na mimi kuisema ni kukiri mbele yao kwamba mjane wa Mzee Salim anajificha ndani ya nyumba yake kama mwizi.

Nikasema, "Hakufika kabisa."

La kwanza lilikuwa la mila. La pili lilikuwa langu.

Fundi Haji alisema hivyo hivyo. Na wengine. Milango yote iliyomnyamazia Faki ilisema hakufika, kila mmoja kwa adabu yake, na yeye huko kwenye kishikwambi chake alikuwa ameandika kafika, kafika, kafika. Ofisi ikaamini wenye milango. Kijana akaambiwa anaandika safari za uongo akiwa kalala nyumbani. Kazi ikaisha. Halafu, hili labda hukulisikia kwa sababu ulikuwa skuli Chake Chake, posa yake ya kule Ole ikarudishwa. Baba wa msichana alisema hampi binti yake mtu anayeandika asichokiona.

Kwa muda mrefu nilijiambia si mimi peke yangu. Ni kweli, si mimi peke yangu. Lakini huo mzigo hausemi tugawane. Kila mmoja wetu ameubeba mzima, na Faki kaubeba wa wote.

Sasa anaendesha gari la ng'ombe, anabeba mchanga wa watu wanaojenga. Na kila asubuhi anakuja kununua mkate kwangu. Wewe umemuuzia mara nyingi. "Shikamoo Bi Mize." "Marahaba Faki, hujambo?" "Sijambo, nipe mawili." Nampa yaliyoiva vizuri, namchagulia, na yeye anajua namchagulia. Hajawahi kusema neno. Anaishika mila ile ile ambayo mimi nilimponza nayo. Asubuhi nyingine natamani anitukane.

Zuwena anauliza kama apumzike. Hapana mwanangu, tuendelee, jua linashuka.

Salma, mwaka jana tulialikwa kwenye mkutano wa wafanyabiashara wadogo kule Wete. Akasimama ofisa mmoja, mtu mzuri tu, akasema kwamba kwa taarifa walizonazo wenye matanuri wa upande wetu wanaendelea vizuri, mauzo yanapanda, kwa hiyo msaada wa majiko ya kisasa utaanzia kwengine. Nikatazama kushoto na kulia. Niliona watu waliofunga matanuri yao. Niliona mwanamke aliyeuza bati la paa lake. Hakuna aliyenyanyua mkono. Nikajiuliza taarifa zile amezitoa wapi, na jibu likaja lenyewe nikiwa nimekaa. Amezitoa kwa waliofungua mlango. Na mlango anaufungua nani? Anaufungua yule ambaye swali la "ukilinganisha na robo iliyopita" halimuumi. Sisi wengine tulikuwa ndani juu ya magunia yetu. Tulinyamaza, na mtu mwengine akatusemea bila kujua kwamba anatusemea. Baba yako alikuwa kila robo anapeleka jibu lake, na maadamu alikuwa hai, tanuri letu lilikuwa linahesabiwa na matatizo yake. Mimi nililizika pamoja naye.

Basi haya ndiyo ninayokupa, na si mengi.

Utakapopiga hodi usijibiwe, usifikiri ndani hamna mtu. Na usifikiri aliyemo anakuchukia. Mara nyingi anaogopa sauti yake mwenyewe. Watu wakikwambia inshaallah njoo Jumatatu, angalia macho yao. Iko inshaallah ya kuja na iko inshaallah ya kukusindikiza. Wakikwambia wanaogopa kodi, wajibu la kodi, lakini ujue huenda nyuma yake kuna maiti, au deni, au mtoto aliyeondoka. Usiwasukume. Ila wape njia ya kukataa ambayo haiwaaibishi, kama Faki alivyonipa mimi. Mwengine ataichukua.

Na msimamizi wako akikubana kwamba majibu ni machache, na atakubana, nasikia mkataba wako ni wa majaribio, itakujia siku utakayokaa kitandani na kishikwambi na kusema, tanuri la Bi Fulani nalijua, nikiandika "yamepungua" sitakosea sana. Labda hutakosea. Lakini utakuwa umefanya kama nilivyofanya mimi, umemsemea mtu ambaye hayupo pale kujitetea. Bora uandike hakujibu, na urudi nyumbani bila kazi. Mkate upo.

Nasikia aibu kukwambia hivyo. Nakwambia urudi bila kazi kwa ajili ya ukweli, wakati mtu aliyefanya hivyo hivyo ndiye mimi niliyempoteza. Nimekaa hapa namsemesha mwanangu aliye Wete, na Faki yuko umbali wa kutupa jiwe, na mafunzo yenu yanaanza keshokutwa, na jina lake limekatwa kwa neno langu, na mimi nakuandikia wewe barua.

Zuwena, weka kalamu. Nipe baibui langu.

*

Dada, kuanzia hapa ni mimi, Zuwena. Mama hakumalizia. Nitakuelezea lililotokea kisha nitaacha.

Tulikwenda kwa sheha. Mama alikuwa anatembea mbele na mimi nyuma, na hakuniambia tunakwenda wapi mpaka nikaiona baraza ya Mzee Kombo. Walikuwapo wazee watatu wanacheza karata. Fundi Haji alikuwa mmoja wao.

"Bi Mize," Mzee Kombo akasema, "leo umekuja mwenyewe? Au mkate umeungua unakuja kushitaki kuni?"

Wakacheka. Mama hakucheka. Hakukaa pia. Alisema, "Mzee Kombo, siku ile na yule bibi wa ofisini, nilisema mbele yako kwamba Faki hakufika kwangu. Alifika. Alifika kila robo. Mimi nilikuwa ndani."

Fundi Haji alikuwa na karata mkononi, akaiweka chini kifudifudi.

Mzee Kombo akamwangalia Mama. Kisha akasema, "Najua alifika. Robo ile nilimsindikiza mimi mpaka kwenye kichochoro chako."

Mama akasema, "Ulijua? Na ulisimama pale ukanisikia?"

"Mlango ni wako, Bi Mize. Mimi ningesema nini? Niseme mjane anasema uongo?"

"Ungesema."

"Na wewe ungenisamehe?"

Nilidhani Mama atalia, lakini alisema tu, "Mafunzo yanaanza keshokutwa. Piga simu."

Mzee Kombo akapiga. Alizungumza na mtu mmoja, akaambiwa asubiri, akapewa mwengine. Sisi tulisimama. Fundi Haji aliinuka akaja karibu na Mama, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwa nakanyaga mashine tu, sikukataa." Mama akamwambia, "Basi hilo waambie wao." Akarudi kukaa.

Sheha alipomaliza alisema neno la kwenye simu halitoshi, kwa sababu kwenye maandishi yao lipo neno la Mama kwamba hakufika. Lazima aliyelisema aende mwenyewe akalitengue, mbele ya wakubwa wao, ofisini Chake Chake, pamoja na sheha. Na kama ni kwa ajili ya mafunzo haya, ni kesho saa mbili asubuhi, si baadaye. Hawakuahidi kwamba watamrudisha. Walisema watasikiliza.

"Saa mbili Salma anapanda boti," Mama akasema.

"Basi waambie wiki ijayo," sheha akasema. "Watakuelewa. Unamsindikiza mwanao."

Mama akasema, "Kesho. Nitakuwapo."

Fundi Haji akauliza kama kwenye gari la sheha ipo nafasi nyengine. Mzee Kombo akamwambia ipo, ila cherehani haiingii. Safari hii hakuna aliyecheka isipokuwa Haji mwenyewe, kidogo.

Tukatoka, tukapita kwa kina Faki. Alikuwa anamfungua ng'ombe. Mama alisimama mbali kidogo, akapiga hodi, ingawa ni uwanjani na hakuna mlango. Faki akageuka, akasema karibu.

Mama akamwambia yote kwa sentensi mbili. Faki akaendelea kuikunja kamba mkononi. Akasema, "Nilijua uko ndani, Bi Mize. Kandambili zako zilikuwa mlangoni."

"Na uliandika nini?"

"Niliandika nilichokiona. Nimefika, mwenyewe yupo, hakujibu." Akaiweka kamba begani. "Wale waliniuliza, umejuaje kama yupo? Nikaona aibu kutaja viatu vya mtu mzima. Nikanyamaza."

Mama akasema atakwenda Chake kesho. Faki akasema asante, na kwamba yeye hatokwenda, ana mchanga wa mtu, na wakimtaka wanaijua namba yake. Hakusema amesamehe, na Mama hakumuuliza. Tulipokuwa tunaondoka aliniita mimi, akasema, "Zuwena, dada yako mwambie maneno ya kishikwambi yatamchanganya mwanzoni. Neno hayupo na neno hakujibu si kitu kimoja. Wengi wanabonyeza la kwanza kwa sababu ni jepesi." Nikamwambia nitakwambia.

Njiani Mama aliniuliza kitu kimoja tu, kama nadhani utakasirika kwa sababu ya boti. Nikasema sijui. Akasema hata yeye hajui.

Sasa anaswali magharibi, na wewe shangazi amepiga simu kwamba umeshapanda gari, uko njiani. Nimeyaandika haya ya mwisho kwa mkono wangu na kwa maneno yangu, Mama hajayasoma. Nimekwenda kwa dereva anayekupeleka Mkoani, nikamwambia kiti cha mbele alichojiwekea Mama nitakaa mimi, na kwamba tutatoka alfajiri. Kisha nimerudi, nimewasha moto wa chai, nimeuweka mkate wako karibu na jiko usipoe, na barua hii nimeiweka mezani bila kuifunga.